Kimya Ng'ambo ya Ziwa

Kwetu Mirongo mtu akikaa kimya huulizwa anaumwa nini. Kwa hiyo nilipoanza kubaki juu ya mkeka baada ya sala ya alfajiri, nimefumba macho, sifanyi lolote ila kufuata pumzi ikiingia na kutoka, mdogo wangu wa kiume alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akaniuliza kama nimebadili dini. Nikamwambia dini yangu ipo palepale, ninachonyoosha ni mgongo tu. Akacheka, akaenda zake dukani.

Sikumwambia kilichonikalisha pale. Mama alipofariki, mimi ndiye mkubwa, niliushika msiba: masufuria, maturubai, wageni wa Misungwi watalala wapi. Wadogo zangu walilia mpaka sauti zikakauka. Mimi sikudondosha chozi. Matanga yakaanuliwa, maturubai yakarudi kwa mwenyewe, na chozi bado. Watu wakanisifu kwamba mimi ni mwanamke wa chuma. Niliichukia sifa ile, maana niliogopa kwamba moyo wangu umekufa pamoja na Mama. Sikuwa na wa kumwambia hivyo.

Shoga yangu tunayeshona naye kibaraza kimoja ndiye aliyenipeleka kwa watu wanaotafakari kwa njia ya Kibudha. Njia yenyewe ni rahisi kuisema: unakaa, unaangalia pumzi, na kila kinachokuja unakitaja moyoni kisha unakiacha kipite. Joto. Kuwashwa. Hasira. Hasira nilizitaja sana, kwa kuwa nina ulimi wa pilipili na moyo hauko mbali nao. Kidogo kidogo nikatulia. Nikaanza kuzisikia asubuhi zenyewe, kunguru wakitembea juu ya mabati, maji yakijaa kwenye ndoo ya jirani. Lakini Mama hakuja. Nilitaja kila kitu, yeye sikumfikia.

Ndipo tukaenda mafungoni. Tulivuka kwa kivuko hadi upande wa Sengerema, tukapanga nyumba ukingoni mwa ziwa, wanawake peke yetu. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyewahi kuishi na watawa wa Kibudha ughaibuni, alitupa sharti: hakuna kusema, hata salamu. Hilo la salamu lilinikwama kooni. Nimpite mtu mzima bila shikamoo, nimelelewa na nani?

Siku zile zilikuwa kama kusinzia ukiwa macho. Ukungu ulishuka, ziwa likapotea, tukabaki na sauti ya makasia bila mtumbwi. Vijidudu vya ziwani viliinuka kama moshi, vikaegemea upande wa Ukerewe, vikafifia. Nilitembea uani polepole nikiusikia unyayo ukiinuka, ukishuka, na mara nyingine sikujua anayetembea ni nani. Niliona raha. Raha ile ikanitisha, nikajiuliza kama nimekuja kuamka au nimepata tu pahali pazuri zaidi pa kujificha.

Asubuhi moja tulikuwa tumekaa uani kwenye mikeka, khanga kichwani, viatu vimepangwa kando, hakuna anayetabasamu. Nikasikia vishindo, nikafumbua jicho. Wanawake wa kijijini walikuwa wanaingia mmoja mmoja na mizigo ya kuni kichwani, mwingine na beseni la unga wa muhogo. Wakazitua kuni taratibu kando ya jiko, wakaketi pembeni mwetu bila kusema kitu. Walikuwa wametuona kwa siku kadhaa. Nyumba imejaa wanawake, wote wamekaa chini, wote kimya: wangefikiri nini kingine?

Kicheko kilinipanda. Nikakitaja: kicheko, kicheko. Mwalimu alifumbua macho, akautazama unga, akatutazama sisi. Sharti lake mwenyewe lilikuwa limemfunga mdomo.

Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Poleni, mwanangu. Tumeona mmefiwa. Nani ametutoka?"

Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kumwonyesha mwalimu, ajitetee mwenyewe. Nikafungua mdomo.

"Mama."

Nikalia. Nililia kwa sauti, makamasi yakanitoka, mabega yakatikisika, na sikutaja chochote. Wenzangu wakageuka kunitazama. Bibi hakuniachia mkono. Nilipopata pumzi akaniuliza kwa upole, "Mmeshamzika?"

"Tumeshamzika."

"Lini, mwanangu?"

Niliona aibu. Kuni zao zilikuwa palepale mbele yangu, wamezibeba mpaka huku kwa ajili yangu.

"Mwaka juzi," nikasema.

Nikangoja acheke, au ainuke awaite wenzake waondoke. Akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana.

"Basi tumechelewa sana," akasema. "Utusamehe."