Bakuli la Loshoro na Majibu Yanayofutwa Jumatatu

Ulimwona mlangoni. Ulichungulia paziani ukamtuma mtoto, naye mtoto akatoka akasema, "Mama amesema hayupo." Umefanya hivyo mara ngapi? Basi msome hapa, kwa kuwa kumfungulia ulikataa.

Saa nne asubuhi, kijijini Nduruma. Anande Mbise, miaka 41, anabisha hodi kwa Bibi Naeku, mkulima wa mahindi. Mkononi ana kishikwambi. Ni mdadisi: huwasomea watu sentensi, nao husema kama wanakubali kabisa, wanakubali, hawakubali, au hawakubali kabisa. Majibu hupelekwa mjini, ambako wanasaikolojia huwagawa watu mafungu: wanaotii wakubwa, wanaowashuku, walioridhika, waliokata tamaa.

"Shikamoo yeyo," anamwamkia, yaani mama.

"Marahaba. Unatafuta shamba la kununua?"

"Hapana, nina maswali tu."

"Maswali kwa tumbo tupu? Kaa. Kuna loshoro."

Hapo ndipo kazi huharibikia. Kanuni za ofisi zinamkataza kula kwa anayemhoji, maana chakula huvuta majibu. Kwa miaka tisa Anande amekataa loshoro, mahindi yale ya maziwa ya mgando, amekataa ndizi, amekataa hata maji. Na mwenyeji wa huku, chakula chake kikikataliwa, hagombani na mgeni. Humjibu upesi ili aondoke.

Viongozi wanawasikiliza watu kama wewe? Nakubali. Maji yanatosha? Nakubali, mama, nakubali, nenda salama.

Kisha gazeti huandika kwamba watu wa huku wameridhika. Tunayakumbuka magazeti hayo. Mengine yalitoka mifereji ikiwa imekauka.

Anande alizaliwa Kikatiti. Sasa amepanga chumba mjini, Sombetini. Hulipwa elfu thelathini kwa siku, zile siku zenye kazi. Akifika bombani, wanawake hunyamaza.

"Kinasa sauti kimefika," mmoja husema, wenzake wakacheka. Wanaamini anauza maneno yao.

"Nimeuliza maelfu ya watu kama jirani anaaminika," Anande anasema chumbani kwake, akipakua ugali wa mtu mmoja. "Mimi hajaniuliza mtu."

Ungejibu nini? tunamuuliza.

Anakata tonge. "Ningesema sijui. Hakuna anayekuja kuniomba hata chumvi."

Lakini asubuhi ile, Nduruma, Bibi Naeku hakubali kushindwa. "Nyumba yangu ina sumu?" anauliza. Anande anaweka kishikwambi chini. Anakula mpaka bakuli linabaki jeupe. Kisha anakichukua tena, anasoma: viongozi wanawasikiliza watu kama wewe?

Bibi anacheka. "Nani kakudanganya? Sikubali. Andika na kabisa yake."

Maji? Sikubali. Je, ungekubali mjukuu wako aoe kabila lingine?

"Hapo pia sikubali, nisikufiche."

"Hata Mmeru kama mimi, yeyo?"

"Hata wewe mwenyewe, na loshoro umeimaliza!"

Wanacheka wote wawili. Wiki nzima Anande alikula kila alipokaribishwa, na kila nyumba majibu yalibadilika. Ijumaa akapigiwa simu na Efraimu, msimamizi wake.

"Dada Anande, majibu yako hayafanani na ya wenzako. Umekula kwa watu?"

"Nimekula."

"Basi Jumatatu tunayafuta. Na wewe pumzika kwanza."

Anajua maana ya kupumzika. Lakini hajitetei kwa uongo. "Siwezi kuapa kwamba chakula hakikuyavuta," anasema. "Ila hata kukataa kwangu kulikuwa kunayavuta, upande wa pili. Mbona huko hakuna aliyefuta?"

Tumaini lake si kubwa: majibu ya Nduruma yabaki, naye arudi kumsomea Bibi Naeku yaliyotoka. Miaka tisa, hajawahi kumrudia mtu hata mmoja.

Jumatatu ni keshokutwa. Wewe wa Nduruma uliyemlisha, panda gari uende kwenye ofisi yao, useme: yale ni maneno yangu, yasifutwe. Usimtume mtoto. Na wewe wa Sombetini, Jumatatu yako ni leo. Yuko nyuma ya ukuta wako, anakula peke yake. Chukua kikombe, nenda ukamwombe chumvi.