Faili za Chakula cha Kuku

Ujinga wa kwanza ulikuwa wa kidole. Ilani ilitokea kwenye skrini, nikabonyeza "Usinionyeshe tena" haraka, vile mtu hufunga mlango akiona mhubiri anakuja na gitaa.

Ilani yenyewe ilikuwa katika mfumo wa duka la mama. Mama anauza mbegu, dawa za mifugo na chakula cha kuku hapo Migori mjini, na kampuni inayomletea chakula cha kuku ilisema oda zote sasa zipitie mtandaoni. Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti. Nikajiandika msimamizi mkuu, cheo pekee nilichowahi kupata maishani, kwa sababu hakuna aliyepiga kura. Kwa hivyo ilani zote zilikuja kwangu, si kwake. Hiyo ilisema sehemu ya zamani ya kuweka faili inastaafu, na msimamizi ahamishe faili zake hadi sehemu mpya kabla haijafungwa. Nilicheka. Kwetu wanaostaafu ni walimu. Faili ikistaafu inaenda wapi, kufuga mbuzi?

Sasa ujue hiyo sehemu tulikuwa tunaitumia kwa kazi gani. Mimi niko shule ya bweni, Homa Bay. Kuwa na simu ni makosa, na simu ya ofisini ni ya msiba na karo tu. Lakini kila wiki tuna somo la kompyuta, na mwalimu amefunga kila tovuti yenye raha. Mfumo wa duka hakuufunga, maana nani atashuku ankara? Basi nikawa namwandikia mama barua, naipa jina "Ankara ya chakula cha kuku", naiweka kwenye folda. Yeye anaifungua dukani kwa simu yake. Mwalimu akipita nyuma yangu anasema, "Vizuri sana. Biashara hiyo."

Mama si mtu wa kuandika. Alijibu kwa picha: paka amelala juu ya gunia, maji ya mvua yameingia mpaka kwa kaunta, ugali na omena ya jioni. Wakati mwingine aliweka na neno moja, "Umekula?" Nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye. Nikienda shule anabaki peke yake, na hilo nilikuwa silifikirii sana. Mimi nalala na bweni zima la wavulana wanaokoroma. Lakini kati ya hao wote hakuna hata mmoja ambaye ungemwonyesha picha ya paka.

Ujinga wa pili ulikuja baada ya siku ya wazazi. Mama hakuja. Lori la chakula cha kuku lilikuwa linashusha mzigo siku hiyo, na likikuta duka limefungwa linageuka na kila kitu. Jirani yangu wa dawati, kijana wa Magunga, alitembelewa na ukoo mzima, mpaka na nyanya. Wakanivuta nile nao.

"Omera, ndugu yangu, kula," akaniambia. "Ama kwenu mnajua chakula cha kuku tu, kuku mwenyewe hamjawahi kumwona?"

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Kisha nikaenda kunawa mikono kwenye mfereji ambao najua hauna maji.

Wiki hiyo nikaandika: "Mama, nimepata familia nyingine, ya Magunga. Hawa wanakujanga siku ya wazazi. Likizo naenda kwao. Usiningoje." Nilitaka kumalizia na "Nimekushika!" Halafu nikaona utamu utazidi nikimwacha wiki moja kwanza.

Wiki iliyofuata nilifungua mfumo, na folda haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja: sehemu hii imestaafu, asante kwa kuitumia. Kama hotuba ya mazishi ya mtu asiye na watu. Msimamizi mkuu mzima, nikabonyeza kila mahali. Ankara za kweli zilikuwepo zote, zimejipanga kama watoto wa kanisa. Zangu hazikuwepo. Kama mama alikuwa amejibu, jibu lake lilifungiwa humo humo.

Mwalimu akapita. "Biashara inaendaje?"

"Imeanguka, mwalimu."

Darasa likacheka. Siku hizi hata nikisema kitu cha kweli watu wanacheka, na kosa ni langu.

Nilifika mpaka kwa mlango wa ofisi. Ningesema nini? Naomba simu nimwambie mama nilikuwa nacheza? Naibu wa mwalimu mkuu angeuliza, ni msiba ama ni karo? Nikarudi darasani. Jumapili wengine wakiimba, mimi nilikuwa namwona mama akivuta mlango wa duka, akitia kufuli, akirudi nyumbani akiwa na habari ya kusema na hana wa kumwambia.

Shule ilipofungwa nilienda moja kwa moja dukani na sanduku langu. Mama alikuwa anampimia mzee mmoja chakula cha vifaranga. Akainua macho.

"Karibu, kijana. Nikusaidie na nini?"

Kwa Kiswahili. Mama huongea Kiswahili na askari wa kaunti, na watu wa lori, na wateja wasio wa kwetu. Mimi huniambia kila kitu kwa Dholuo, hata matusi.

"Mama, ni mimi."

"Naona. Wale wa Magunga wako wapi? Wamekutuma ununulie kuku wao chakula?"

Mzee akatugeukia. "Kwani huyu ni wako?"

"Sijui. Muulize."

Nikasema yote hapo hapo, mzee akiwa amesimama na mfuko wake mkononi: ilani, kidole, folda, siku ya wazazi, ule mfereji usio na maji. Sikuweka utani mahali popote. Mzee akaaga polepole, akatoka. Mama akafunga mdomo wa gunia, akapangusa mikono. Akarudi kwa Dholuo, na kwa Kiswahili ni hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Nilijua unacheza, nyathina, mwanangu. Nilijua hata siku ile ile. Lakini barua haicheki. Nilikuwa nakaa hapa nikingoja nikusikie ukicheka, na sikusikia kitu."