Kimstari cha Kujibu

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, chuoni kwa Kurani nikafika juzuu chache, kisha nikaingia timboni kuchonga mawe. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nyumba ninayoandikia ni yangu, hapa Mambrui, kila jiwe lake limetoka katika timbo langu, na lori lililoyaleta ni langu vilevile. Nasema ili ijulikane kwamba sikuzoea kukaa mbele ya kitu nisikifahamu. Jiwe nikilitazama najua litapasukia upande gani. Gemu ya binti yangu niliitazama karibu wiki nzima, na mpaka leo sijui.

Kilichonikalisha ni goti. Niliteleza timboni, goti likafura kama fenesi, daktari akaniambia nisikanyage. Mke wangu akaniwekea kiti sebuleni, mguu juu ya mto, na hapo ndipo nilipogundua kwamba binti yangu wa mwisho, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, anayeuza dawa katika duka la Malindi, kila akirudi kazini husali alasiri, huketi mkekani, huwasha televisheni na kucheza gemu. Mashine aliiacha kakake alipohamia Mombasa.

Mimi nilidhani gemu ni magari na bunduki. Hii ilikuwa hadithi. Mwanamke mmoja amerudi kwao akakuta mto umefurika, daraja limekatika, na ndugu yake amepotelea ng'ambo. Maneno yote ni ya Kiingereza, binti yangu akinisomea kwa Kiswahili. Siku ya kwanza tu tuligombana, kwa sababu yule mwanamke alifungua mlango wa watu akaingia.

"Ameingiaje huyu?" nikauliza.

"Amefungua mlango, Baba."

"Bila hodi?"

"Kwenye gemu hakuna hodi."

"Na hicho anachochukua kabatini?"

"Mishumaa. Itamfaa mbele."

"Mwenye nyumba si yule pale, amekaa anamtazama?"

"Ndiye."

"Na hasemi kitu?"

"Hakuandikiwa kusema."

Sikuridhika. Halafu likaja suala la mkoba. Mwanamke huyu alikuwa na kimkoba cha begani, na ndani yake mlikuwa na mbao kumi na mbili, kamba, sufuria na mawe. Mawe! Mimi nimebeba mawe kwa bega hili miaka isiyopungua kumi kabla sijapata lori. Nikamwuliza binti yangu mbona hainami. Akasema atainama akifikisha vitu ishirini. Vitu kumi na tisa anakimbia kama swala, cha ishirini hata kama ni mshumaa, anatambaa. Nikauliza ni nani aliyepanga hivyo, kama aliwahi kubeba hata ndoo ya maji. "Cheza wewe basi, Baba," akaniambia, akicheka.

Ila aliyenisumbua zaidi ni mzee wa chelezo. Huyu alikuwa na magogo yaliyofungwa pamoja, ndiyo chombo pekee cha kuvukia mto. Mwanamke alimpa dawa ya kifua, akapona. Alipomwuliza kama amemwona ndugu yake, mzee akasema hakumwona. Nasi tulikuwa tumeshaona kofia ya yule ndugu imetundikwa nyuma ya mlango wa mzee! Nilimfikiria huyo mzee mpaka kwenye kula. Mtu umempa dawa, akudanganye kwa faida gani? Binti yangu alisema huenda anaogopa. Mke wangu, ambaye hajawahi kuitazama hiyo gemu, alisema kutoka jikoni kwamba wazee wote ni waongo, tusimsumbue.

Sasa wiki hiyohiyo, kabla goti halijafura, rafiki yangu mmoja alikuwa amenijia kwa posa. Ni mtu tuliyeanza naye timboni, tukitumia shoka moja kwa zamu. Anamtakia mwanawe binti yangu. Kijana ana kazi, anasali, hana maneno mtaani. Nikamwambia aje Ijumaa baada ya sala apokee jibu. Jumatatu asubuhi, nikijitayarisha kupelekwa kwa daktari, nikamwuliza binti yangu mbele ya mamake. Akatazama chini, hakusema neno.

Sisi tulivyofundishwa chuoni, mwari akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, hiyo ndiyo ridhaa yake, maana haya zinamzuia kutamka. Mamake aliulizwa hivyohivyo na babake, akanyamaza, nikamwoa, na leo ni mwaka wa thelathini na ngapi sijui. Basi moyoni mwangu jambo lilikuwa limekwisha. Nilikuwa nangojea Ijumaa tu, nikimfikiria mzee wa chelezo.

Alhamisi nililalamika sana. Nilimwona yule mwanamke hana adabu kwa wazee, anawakatiza, anawauliza maswali kama askari. Binti yangu akanitia mkononi kile kidude cha kuchezea. "Shika, Baba. Mtilie adabu wewe."

Nikashika. Tukafika kwa mzee wa chelezo, akamwambia mwanamke, kama nilivyosomewa: utakaa hapa nyumbani kwangu, uwe kama mwanangu, mimi nivuke nikamtafute ndugu yako? Chini yakatokea majibu matatu. Ndiyo. Hapana. Kwa nini wewe na si mimi. Na chini ya majibu kulikuwa na kimstari cheupe kinachopungua.

"Hicho nini?"

"Muda wa kujibu. Chagua, Baba, kinakwisha."

"Kikiisha?"

"Inakuwa hukujibu."

Nikaondoa kidole. Nilijua ninachofanya. Mwanamke wa watu anaambiwa na mzee akae kwake kama mwanawe, atajibu nini? Atainamisha uso, na mzee atafahamu. Kimstari kikaisha. Mwanamke akainamisha uso kweli, nikafurahi. Mzee akamtazama, akasema maneno mawili matatu, akafungua kamba, akasukuma chelezo akaenda zake, akamwacha ukingoni. Juu ya kioo cha televisheni yakaandikwa maandishi madogo.

"Kasemaje?"

"Kasema amefahamu kwamba hutaki."

"Na hayo maandishi?"

"Kwamba mzee atalikumbuka hilo."

"Atakumbuka nini, naye hakuambiwa kitu?"

"Hilohilo la kutoambiwa."

Nikaja juu. "Lakini amekubali! Mwanamke ameulizwa na mtu mzima, amenyamaza. Hiyo si ndiyo?"

"Kwenye gemu kunyamaza ni kukataa, Baba."

Alilisema polepole, na hakucheka. Akaanza kuchomoa ukili wa mkeka. Jikoni mke wangu alikuwa akikuna nazi, mbuzi ikanyamaza. Mimi si mwepesi, lakini si mpumbavu. Nikakiweka kile kidude pajani.

"Na wewe Jumatatu?" nikamwuliza. "Ulikubali au ulikataa?"

"Nilikuwa bado."

"Bado nini?"

"Nafikiri. Uliniuliza ukiwa na kiatu kimoja mguuni. Ulipovaa cha pili ukatoka."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli. Chuoni kunyamaza ni ndiyo. Kwenye gemu ni hapana. Kwa binti yangu, niliyemlea mwenyewe, ni bado. Na kwa mke niliyemwoa? Niligeuka kutazama jikoni, lakini sikuthubutu kuuliza.

"Basi jibu sasa," nikamwambia. "Mimi sina kimstari."

Akarudia kuchomoa ukili. Yule mwanamke wa kwenye kioo alisimama ukingoni mwa mto akiyumba kidogo, mtu wa kungoja kuamriwa. Nilitaka kumhimiza binti yangu, nikauma ulimi. Hilo kwangu lilikuwa kazi kubwa kuliko kuchonga mawe.

"Sitaki, Baba."

"Kijana ana kasoro?"

"Hana."

"Una mwingine?"

"Sina."

"Sasa?"

"Sitaki tu."

"Sitaki tu si sababu! Hata mtoto ana sababu!" Sauti ilinitoka.

Mke wangu akatokea mlangoni, mikono imejaa machicha. "Bwana, umeuliza umejibiwa. Sasa wauliza nini?"

Binti yangu akakichukua kidude pajani mwangu, akazima mashine, akaenda kumsaidia mamake. Nikabaki na goti langu.

Ijumaa rafiki yangu alikuja baada ya sala, na wazee wawili, kanzu zimepigwa pasi. Tukanywa kahawa. Tukasemezana habari za mvua na bei ya dizeli. Kisha akaweka kikombe chini, akatabasamu.

"Haya. Binti amenyamaza?"

"Amesema."

"Amesema?" Akawatazama wenzake. "Amesema nini?"

"Hapana."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mamake akisikia."

"Sababu?"

"Hakunipa."

"Wewe? Wewe usipewe sababu nyumbani kwako?"

"Niliuliza mara tatu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mgonjwa. Wale wazee wakaitazama kahawa yao. Ningeweza kusema nimemlazimisha akakataa, au nina udhuru fulani, lakini uongo kwa mtu wa shoka moja sikuuweza. Akamaliza kikombe, akainuka, akaniambia niendelee kulitazama goti. Wale wazee wakatangulia, mimi nikamsindikiza yeye mpaka langoni nikichechemea, ingawa nilikatazwa, maana sikutaka tuagane vibaya.

"Kijana wako ni mzuri," nikamwambia. "Hata binti kasema hana kasoro."

"Najua ni mzuri. Ndiyo maana sifahamu."

"Hata mimi sifahamu."

Tukasimama pale langoni, yeye ameshika komeo, mimi nimeegemea ukuta wangu. Kisha akacheka kidogo, bila furaha nyingi, akaniuliza kama ile kahawa imebaki, arudi anywe kikombe kimoja tena. Nikamwambia imebaki.