Mama Mkwe na Joto la Bahari

Nilianza kusoma hali ya hewa redioni kwa bahati tu. Kituo chetu kiko Garissa, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na kazi yangu ilikuwa kupokea matangazo ya harusi, ya misiba na ya ngamia waliopotea. Kisha dada aliyekuwa akisoma hali ya hewa akaolewa, akahamia Wajir, na asubuhi moja mkuu wa kituo akanikabidhi karatasi bila kuniuliza kama naweza.

"Soma kwa Kiswahili, halafu kwa Kisomali," aliniambia. "Na usiruke kitu."

Taarifa yenyewe ilikuwa moja kwa pwani na bara, kwa hiyo kabla ya kufika kwetu nililazimika kupitia baharini: mawimbi yatapanda kiasi gani, upepo unatoka upande gani, wenye vyombo vidogo wachukue tahadhari. Kiswahili changu ni cha shule na cha soko la mifugo, na herufi p hunishinda nikiwa na haraka. Siku hiyo ya kwanza nilitangaza, tena kwa sauti ya kujiamini, kwamba kutakuwa na "ubebo mkali wa bwani". Fundi wa mitambo, bwana mmoja kutoka Kitui, alicheka mpaka akashika ukuta.

Simu ya kwanza ilitoka Diff, kule mpakani.

"Dada, sisi huku bahari hatuna," mpigaji alisema. "Tuambie mvua."

"Nakuja huko, baba."

"Basi kimbia kidogo. Betri yangu inaisha."

Nilizoea. Nikajua kusema upepo. Lakini mwaka huo, mvua za vuli zilipokaribia, zile tunazoziita deyr, karatasi ilianza kuleta mambo mazito zaidi. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi yamepata joto kuliko kawaida, ilisema, na yale ya mashariki, kule Indonesia, yamepoa. Nilimpigia simu afisa wa hali ya hewa anisaidie, kisha nikawaeleza wasikilizaji kwa maneno yangu: maji yakipata joto hutoa mvuke mwingi, upepo unausukuma mvuke huo huku kwetu, kwa hiyo huenda mvua ikawa kubwa. Wanaokaa kando ya mto Tana wajiandae.

Hakuna aliyenisikiliza kwa makini kama mama mkwe. Yeye anakaa Masalani, na shamba lake liko chini kabisa karibu na mto: mahindi, migomba, mbuzi wake, na nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Mimi na yeye tunaitana hooyo, yaani mama, maana kwetu hata mama humwita mwanawe hivyo. Alinipigia nikiwa bado studio.

"Hooyo, nimekusikia. Umesema nihame."

"Sijasema uhame, hooyo. Nimesema watu wajiandae."

"Na kujiandaa ni nini kama si kuhama?"

Akahama. Alibeba vitanda, kuku, mbuzi wote, akang'oa hata mlango wa jikoni akaupakia kwenye mkokoteni wa punda. Alikwenda kwa kaka yake, mjomba wa mume wangu, ambaye nyumba yake iko juu, upande wa sokoni. Majirani wa kule chini walimtazama akipita, na hakuna hata mmoja aliyemfuata. Mume wangu aliposikia, alinigeukia polepole akaniambia, "Umemhamisha mama yangu kwa redio." Sikujua kama ananisifu au ananilaumu. Nadhani hata yeye hakujua.

Kisha jua likawaka. Wingu likitokea asubuhi, mchana halipo. Karatasi ilieleza sababu: kimbunga kimezaliwa kaskazini, baharini upande wa Arabia, na kinavuta upepo na unyevu wote kuelekea huko. Niliyasoma hayo hewani. Mara tu nilipofungua simu za wasikilizaji, nikasikia sauti ninayoijua.

"Wewe msoma hali ya hewa, mvua yako iko wapi?"

"Hooyo, kuna kimbunga kimeivuta."

"Kimeivuta kimeipeleka wapi?"

"Arabuni."

"Kwani Waarabu wameomba mvua yetu?"

Fundi wa Kitui aliinamisha kichwa mezani. Nami, kwa kumwita hooyo hewani, nilikuwa nimewatangazia watu wa mkoa mzima kwamba huyu ni wangu. Jioni hiyo sokoni, kila niliyenunua kwake maziwa alinisalimia kwanza, kisha akauliza habari za mama mkwe.

Ijumaa mimi na mume wangu tulishuka Masalani. Mbuzi walikuwa wameshatafuna shuka mbili za mke wa mjomba na nusu ya buibui lililoanikwa. Mke wa mjomba alitukaribisha vizuri sana, akatupa chai, akasema hana neno. Aliposema hana neno kwa mara ya tatu nikajua anayo mengi. Uani mama mkwe alikuwa ameketi juu ya ule mlango wake, ameulaza chini, anachambua maharagwe kwa hasira.

"Niambie ukweli," alisema nilipokaa karibu naye. "Mvua inakuja, haiji?"

Ningeweza kumwambia inakuja. Lakini alikuwa ananitazama usoni.

"Sijui, hooyo. Wanasema inawezekana, zaidi ya miaka mingine."

"Inawezekana!" Aliacha maharagwe. "Nakaa kwa mke wa kaka yangu, mbuzi wangu wanaitwa wezi, kwa sababu ya inawezekana?"

Niliona aibu, na pia nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia: je, akirudi kesho, na maji yakaja keshokutwa? Mume wangu alijifanya anakagua tairi ya gari. Mama mkwe akatoa uamuzi wake mwenyewe. Yeye atarudi chini na kuku na kitanda kimoja. Mbuzi watabaki juu, wafungwe kamba, na mlango utabaki pia.

"Jiko bila mlango?" mume wangu aliuliza.

"Nikikimbia, nitahitaji mlango wa kufungua?"

Alirudi Jumamosi asubuhi, nami nikaenda naye kumsaidia kufagia; mume wangu akarudi Garissa na gari. Jumapili alasiri, tukiwa tunang'oa magugu kwenye mahindi, upepo ulibadilika. Ulikuja kutoka mashariki, wa baridi na mzito, una harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Mama mkwe aliinuka, akashika kiuno, akaangalia juu. Anga lote upande ule lilikuwa jeusi kama chungu.

"Kimbunga chako kimemaliza kazi Arabuni," alisema, akaanza kukimbiza kuku.

Mvua ilinyesha siku baada ya siku. Tulikuwa tumeshakimbilia juu kwa mjomba, tumelowa, kuku wakiwa ndani ya magunia. Mto ulingoja kidogo, kisha ukapokea na maji ya milimani, ukavimba, ukavunja kingo zake. Majirani wa kule chini walitolewa kwa mitumbwi, magodoro vichwani, watoto mabegani. Kwa neema ya Mungu watu wote walitoka. Familia kadhaa ziliingia uani kwa mjomba. Nilidhani mama mkwe atawapigia kelele za nilikuambieni, na nilikuwa tayari kumzuia. Alisogea tu, akawafanyia nafasi, akasema, "Ingieni. Ila fungeni nguo zenu juu, mbuzi hawa hawana adabu." Mke wa mjomba alicheka kwanza, kisha wote tukacheka, na sufuria kubwa ikawekwa jikoni.

Barabara ya Garissa ilikatika, nikabaki huko. Nilisoma taarifa kwa simu, nimesimama kwenye kibaraza cha duka, mahali pekee ambapo mtandao ulishika. Mkuu wa kituo alinisomea karatasi kwanza, kisha akaniingiza hewani. Mama mkwe alisimama pembeni akinisahihisha Kisomali changu, maana anasema nimekiharibu mjini, na wasikilizaji walimsikia. Watu wa Griftu, kule Wajir, walipiga simu kituoni kuuliza kwa nini yule mama hasomi mwenyewe.

Maji yaliposhuka tulikwenda kwa mtumbwi mpaka shambani. Migomba ilikuwa imelala yote upande mmoja. Mahindi hayakuwepo. Nyumba ilisimama, ila tope lilifika dirishani na ukuta wa jikoni ulikuwa umekwenda na mto. Mama mkwe alivua viatu, akaingia, akagusa ukuta uliobaki, ule mumewe alioukandika kwa mikono yake. Alilia kidogo, bila sauti, na mimi nikamshika bega. Kisha akapangusa uso kwa mtandio, akachota tope kwa kiganja akalivunja kwa vidole.

"Hili linaotesha chochote," alisema. "Hata kijiti."

Wiki hiyo hiyo alipanda kunde na mahindi kwenye tope jipya. Kaka yake alimpa kiwanja kule juu ajenge, akakubali, kwa sharti kwamba mchana atashuka shambani na asiulizwe anarudi lini. Mavuno yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwake. Tulikula kunde mpaka mume wangu akaomba tupike kitu kingine.

Mimi bado nasoma taarifa. Kila nikimaliza, simu yangu hulia, na mama mkwe, ambaye sasa anaijua bahari nzima mpaka Indonesia, hutaka kujua kwa nini leo nimesoma haraka hivyo.