Neno Lililomshinda Mkunga wa Bwaise

Nilikwenda Kampala kwa sababu ya majivuno, ingawa wakati ule niliyaita wito. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Bukoba. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nilikuwa nimezoea kusifiwa na walimu wenzangu kwamba sarufi yangu haina doa. Kisha ikaja barua kutoka kituo kidogo cha lugha huko Kyebando, kaskazini mwa Kampala, ikiomba mwalimu wa kujitolea kwa miezi mitatu. Mkuu wa kituo aliandika kwamba vita vya mwaka themanini na sita vimepita zaidi ya miaka kumi, mji umefunguka, wafanyabiashara wanatoka Kenya, wakimbizi wanatoka Kongo, na watu wanapitwa na kazi nzuri kwa kukosa lugha ya kuzungumza nao. Niliisoma mara mbili, nikamwonyesha mume wangu. Alisema niende, likizo ndefu ilikuwa inakaribia na watoto wangebaki na bibi yao. Nikafunga vitabu vyangu vya sarufi, nikiamini nawapelekea Waganda kitu wasichokuwa nacho.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Bukoba. Tulipita Kyaka, tukavuka mto Kagera, na saa nne tukawa Mutukula mpakani, ambako afisa alipiga mhuri pasi yangu bila kuniangalia usoni. Ng'ambo ya pili migomba ilikuwa ileile na udongo uleule mwekundu. Hata salamu za Kiganda nilizifahamu kidogo, kwa kuwa zinafanana na za Kihaya.

Masaka tulifika saa nane mchana. Nilimwuliza muuza ndizi za kuchoma bei kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza. Nikarudia kwa Kiswahili, naye akarudia Kiingereza chake, akageukia mteja mwingine. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando yangu aliona nimeudhika. Aliniambia, naye pia kwa Kiingereza, kwamba nisimlaumu yule binti, huko kwao Kiswahili kiliwafikia kimevaa buti. Nilitabasamu kwa adabu. Moyoni nilijiambia kwamba hayo yamepita, na kwamba lugha nzuri ikifundishwa vizuri hujitetea yenyewe.

Kampala tuliingia saa kumi na moja jioni. Bado nauona mji ule kama nilivyouona kupitia dirisha la basi: vilima vyenye mapaa ya vigae, korongo wakubwa wenye vipara wakitembea juu ya takataka kama makarani waliochoka, moshi wa mkaa ukianza kupanda kutoka mabondeni. Stendi nilipokewa na Mama Aber, mwenyeji wangu, mwanamke mrefu kutoka Gulu. Mumewe alikuwa askari magereza kule Luzira, akirudi nyumbani mwisho wa wiki. Aliubeba mfuko wangu wa vitabu kichwani hadi Kyebando kana kwamba hauna kitu.

"Karibu, mwalimu," aliniambia mlangoni. "Nyumba yetu iko kidogo, lakini roho iko kubwa."

Nikacheka, nikamsahihisha. Nilimwambia inasemwa nyumba yetu ni ndogo, roho ni kubwa. Alinishukuru. Kesho yake nikamsahihisha tena, na keshokutwa. Siku ya nne akaanza kunisemesha Kiingereza, nami nikadhani anataka kukifanyia mazoezi.

Darasa lilianza Jumatatu, saa kumi na moja jioni, katika chumba cha bati kilichotenganishwa na darasa la Kifaransa kwa ukuta wa mbao. Kule kwenye Kifaransa alifundisha Bwana Kambale, mkimbizi kutoka Butembo, mwenye sauti iliyopenya mbao zile. Wanafunzi wangu walikuwa kumi na mmoja: wahudumu wa hoteli, karani wa kampuni ya malori, dada wawili waliouza nguo kwa Wakenya. Mama Aber alihudhuria kama msaidizi, lakini niliona kwamba hakuna aliyeketi karibu naye.

Aliyenivutia zaidi alikuwa Musawo Namusoke. Musawo ndivyo Waganda wanavyomwita mganga au muuguzi. Yeye alikuwa mkunga katika zahanati moja ya Bwaise, bonde la maskini lililo kwenye barabara ya Bombo, umri wake kama miaka arobaini. Aliniambia kwamba akina mama wa Kikongo wanazidi kuja kujifungua, naye anawahudumia kwa ishara za mikono. Mmoja aliondoka katikati ya uchungu kwa kutoelewana, akajifungulia nyumbani, na mtoto hakupona. Sasa zahanati ilitaka msimamizi wa wodi ya wazazi, na mganga mkuu alikwisha kusema kazi hiyo ni ya atakayeweza kuzungumza na wagonjwa wote. Namusoke aliitaka kazi ile. Kwa kweli, alimtaka zaidi yule mtoto, lakini huyo hakuweza kurudi.

Wiki ya pili nilifundisha kitenzi cha kuamuru. Nilisimama mbele ya darasa nikisema kwa sauti kubwa, nao wakiitikia na kutenda: Simama! Kaa! Toa kalamu! Lala! Nilipofika hapo, wengine waliinamisha vichwa mezani wakicheka. Namusoke alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka. Alikusanya daftari na mwavuli wake, akatoka bila kuaga. Siku iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Jumamosi, tukichambua maharage uani, nilimlalamikia Mama Aber juu ya wanafunzi wasio na uvumilivu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akanijibu kwa Kiswahili chake. Alisema wakati wa vita, na kabla ya vita, watu wa huku walisimamishwa barabarani na askari wenye bunduki, wengi wao wa kutoka kaskazini kama yeye. Maneno waliyoyasikia ni hayohayo niliyoyafundisha, kwa mpangilio huohuo: simama, kaa, toa, lala. Wengine walilala wakaambiwa wainuke, wengine hawakuinuka.

Nilitazama maharage kwenye ungo. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ungesahihisha kwanza," alisema, bila hasira.

Neno lile lilinichoma kuliko kama angenifokea. Nilimwomba radhi, palepale, mikono yangu ikiwa na vumbi la maharage. Alisema ameshasamehe, na kwamba kesho tutakwenda wote wawili kwa Namusoke.

Jumapili baada ya ibada tulishuka Bwaise. Namusoke alitupokea vizuri, akatuletea chai na karanga, kama desturi ya Kiganda inavyotaka hata kwa mgeni asiyetakiwa. Lakini macho yake yalimkwepa Mama Aber. Nilimwomba radhi kwa somo lile, nikamwahidi tutaanza upya na maneno ya kuomba. Aliniambia si kosa langu. Kaka yake mkubwa alilazwa chini kwenye kizuizi cha barabara, hakuinuka tena, yeye dada akitazama na mtungi wake wa maji, na tangu siku hiyo neno lile likitamkwa hawezi kubaki mahali pale. Kiswahili anakisikia chote, alisema, lakini mdomo unakataa.

Kisha Mama Aber akaweka kikombe chini.

"Musawo, mimi najua unaniona namna gani. Bwana yangu anavaa uniform. Lakini sikiliza. Mimi ni Muacholi, yeye anatoka Arua, Mulugbara. Yeye Muislamu, mimi Mkristo. Hajui lugha yangu, mimi sijui yake. Alinitongoza na Kiswahili. Watoto wangu wote, nimewalaza na Kiswahili. Hakuna lugha ingine ndani ya nyumba yangu."

Namusoke alimtazama kwa mara ya kwanza. Akamwuliza, kwa Kiswahili, watoto ni wangapi. Wanne, akajibiwa. Akauliza kama wote alizaa hospitali. Wakaingia katika mazungumzo ya uzazi, nami nikaachwa na chai yangu, nikisikia ngeli zikigongana na herufi zikibadilishana mahali, na kwa mara ya kwanza maishani sikutamani kurekebisha chochote. Tulipoondoka, Namusoke alitusindikiza hadi barabarani. Jumatatu alikuwa darasani, ameketi kando ya Mama Aber.

Miezi miwili iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa mapenzi makubwa. Tulipanga masomo upya kufuata kazi za watu: karani alijifunza kupiga simu Mombasa, wahudumu walijifunza kumtuliza mgeni aliyeudhika. Mama Aber alisimama mbele kila Jumatano akieleza namna watu wa kambi za askari, Wakenya na Wakongo wanavyosema jambo moja kwa njia tatu. Bwana Kambale alikuja kutufundisha Kiswahili cha Kivu, jimbo la kwao, nasi tukamcheka, naye akatucheka. Jioni zile mvua ilipopiga bati tulisogeza madawati karibu ili tusikilizane. Namusoke alijifunza upesi. Neno moja tu lilibaki. Alipofika kwenye sentensi ya kumwomba mgonjwa alale, aliiandika, hakuitamka.

Jumamosi moja ya mwezi wangu wa tatu, karibu saa sita mchana, Bwana Kambale alifika Kyebando akiwa amelowa hadi kiunoni. Mkewe, Masika, alikuwa zahanati kwa Namusoke tangu alfajiri, uchungu umekolea, na anakataa kupanda kitandani. Hamruhusu mtu kumgusa. Alinisihi niende nikamsemeshe, kwa kuwa yeye mwanamume hakuruhusiwa wodini.

Mimi na Mama Aber tulipanda bodaboda mbili hadi Bwaise. Maji yalikuwa yamefunika njia, tukavua viatu tukavuka kwa miguu, magodoro na masufuria ya watu yakiwa yamewekwa juu ya kuta. Wodini tulimkuta Masika amesimama kwenye kona, ameshika nondo za dirisha. Muuguzi kijana alikuwa anamwelekeza kitandani kwa mkono, akisema neno moja tena na tena: lala, lala. Kila aliposema, yule mama alizidi kujibana ukutani.

Nilisogea. Nikamwambia kwa Kiswahili changu safi cha Tanga kwamba tafadhali ajilaze chali ili apate kuhudumiwa ipasavyo. Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio.

Ndipo Namusoke akatoka chumba cha pili, alikokuwa akimzalisha mama mwingine, mikono yake inachuruzika maji. Alisimama, akamwangalia Masika kwa muda. Nadhani alijiona mwenyewe pale kwenye kona. Akamwambia yule muuguzi kijana aondoke. Kisha akasogea taratibu, akasimama kando ya dirisha, akashika nondo zilezile.

"Usilale, mama," alisema. "Hapa hakuna mtu anakulazimisha. Simama kama unataka. Mimi iko na wewe."

Masika alimgeukia. Alianza kulia, kisha akasema maneno ya haraka kwa Kiswahili cha kwao, juu ya usiku waliokimbia Butembo, na jirani zake walioambiwa walale chini. Namusoke aliyaelewa yote. Hakunigeukia hata mara moja kuomba tafsiri. Alisema, "Najua. Hata huku ilikuwa hivyo." Akamwomba Mama Aber alete mkeka na shuka. Masika alipiga magoti kwenye mkeka, amemshika Mama Aber mabegani, Namusoke nyuma yake akimhesabia pumzi. Mimi nilishika taa ya mkono, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Hiyo ndiyo kazi niliyoifaa.

Mtoto alizaliwa saa tisa kasoro robo, wa kike, akalia mara moja. Namusoke alimfuta, akamweka kifuani mwa mama yake. Masika alikuwa anatetemeka kwa uchovu, bado yuko magotini. Namusoke akamshika bega.

"Sasa lala, mama," alisema, kwa sauti ya chini sana. "Lala kidogo. Mtoto iko salama."

Masika akalala. Namusoke alibaki amepiga magoti, mkono wake mdomoni, kana kwamba anachunguza kilichotoka humo. Mama Aber alimwinua. Tukasafisha mkeka pamoja.

Wiki mbili baadaye mganga mkuu alimsikiliza Namusoke akizungumza na akina mama watatu, akampa usimamizi wa wodi. Na mkuu wa kituo aliponiuliza nani aendelee na darasa langu, nilimtaja Mama Aber. Alishangaa, akaniuliza juu ya sarufi yake. Nilimjibu kwamba sarufi iko vitabuni, vitabu nitamwachia, lakini anachokijua yule mama sikukiona katika kitabu chochote. Akamwajiri.

Niliondoka Kampala asubuhi ya Jumanne. Mume wa Mama Aber alikuja makusudi kutoka Luzira kunisindikiza, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mkewe alinifungia karanga za kusaga kwenye kopo. Namusoke alikuwa zamu, lakini alituma salamu. Basi lilipopanda kilima niligeuka kutazama nyuma, nikajikuta nalia.

Bukoba, ndani ya chumba cha walimu, wenzangu walinizunguka wakitaka niwaigizie namna Waganda wanavyovunja Kiswahili. Kabla ya safari ningewafurahisha sana. Niliwasimulia badala yake habari ya dirisha lile, na hakuna aliyecheka.

Nimestaafu sasa. Kwa miaka yote iliyofuata niliendelea kufundisha ngeli kwa bidii ileile, maana mtihani ni mtihani. Lakini kila mwaka, siku ya kwanza, kabla sijafungua kitabu, niliwauliza wanafunzi wangu Kiswahili walikisikia kwanza kwa nani. Mmoja alisema kwa shangazi mwenye duka, mwingine redioni, mwingine kwa mwalimu aliyemchapa kwa kusema Kihaya. Niliandika majibu yao nyuma ya daftari la mahudhurio. Na yule aliyechapwa nilimweka dawati la mbele, nikamfundisha polepole.