Chumba cha Juu cha Dada

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kuiona ile ngome ya udongo iliyo katikati ya Riyadh. Siku hizi tunaishi Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, na mume wangu alikuwa na kazi ya siku tatu huko Riyadh, basi tukamfuata ili mtoto abadilishe hewa. Binti yangu ana miaka saba. Alipanda ngazi mbio, akaingia kwenye kijumba chenye kidirisha kimoja, akaweka mikono kiunoni na kusema, "Hiki changu. Wewe Mama utalala kule chini."

Nikakaa kwenye ngazi. Mlinzi alidhani ni joto, akaja kuniuliza kama nataka maji, nikamwambia mafi mushkila, hakuna shida. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalia. Ngoja nikueleze kwa nini, maana hili sijawahi kumweleza mtu, hata mume wangu.

Nilikulia Riyadh hiyohiyo, mtaa wa Al-Sulimaniyah, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia. Baba alikuwa mhandisi wa mabomba aliyetoka Mombasa kwa mkataba. Mama alikuwa nyumbani na wadogo zangu mapacha, na Dada, msichana wetu wa kazi, ndiye aliyetushikilia sote. Dada alitoka Taita. Alikuja nikiwa na miaka minne, akalala katika chumba cha kupigia pasi, godoro lake likiwa kati ya meza na makapu ya nguo. Mpaka leo nikisikia harufu ya mvuke wa pasi kwenye shuka la pamba, namkumbuka yeye. Alinisuka nywele kila Ijumaa asubuhi huku akiimba nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini, nami nikazijua zote, mtoto wa Kiislamu mzima. Mama alikuwa akicheka na kusema, "Dada, huyu utaondoka naye kwenu, akaimbe kwaya."

Dada alikuwa na mtoto wa kiume, rika langu. Picha yake aliibandika ndani ya mlango wa kabati, ili aione kila akichukua nguo. Huko Taita alikuwa akimjengea nyumba ya matofali, na akipigiwa simu na fundi alikuja kunieleza kama ninayeelewa. "Msingi umekwisha." "Tumefika kwenye madirisha." Nilipotimiza miaka minane kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha, na kilichobaki ni paa. Sikulipenda lile jengo. Nilijua likiisha atakwenda kukaa humo na yule mtoto wa kwenye kabati.

Mwaka huo Baba alitupeleka Uingereza kwa majuma matatu, kwa shangazi yangu aliyekuwa muuguzi katika mji mdogo wa mashambani. Dada alikuja nasi kwa ajili ya mapacha. Pasipoti yake Baba aliiweka pamoja na zetu katika mkoba wa ngozi, na hakuna aliyeona ajabu. Baba ndiye aliyekuwa kafili wake, mdhamini, na ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, ilisimama kwa jina la Baba, kwa hiyo mambo yake yote yalikuwa mkobani mle.

Shangazi alikuwa na kadi ya kuingia majumba ya kale bila kulipa tena, na alitaka kuitumia mpaka ichakae. Karibu kila siku tulikuwa kwenye ngome. Mama alifunga mahamri na mayai ya kuchemsha, Dada akabeba chupa ya chai na mtoto mmoja mgongoni, nami nikawa nyuma yake. Majina ya ngome hizo siyakumbuki. Nakumbuka majani mabichi yaliyolowesha viatu, kunguru waliopiga kelele juu ya minara, mawe baridi hata jua likiwaka, na vidato vya ngazi vilivyolika katikati kwa miguu ya watu. Baba alisoma vibao vyote kwa sauti: huku ndiko walikomwaga mafuta ya moto, huku ndiko walikofungia maadui. Dada alikuwa na maswali yake mwenyewe. "Huu ukumbi wote, nani alikuwa anapiga deki?" Au akichungulia kisima cha ndani: "Na haya maji, nani aliyapandisha juu? Huyo hawajamwandika."

Akaanzisha mchezo. Kila ngome tuliyoingia aligawa vyumba. Baba na Mama aliwapa ukumbi, kwa sababu wanapenda wageni. Shangazi alipewa jiko, kwa kuwa chakula chake hakikuwa na chumvi na ilibidi ajifunze. Yeye mwenyewe alichagua chumba cha juu kabisa cha mnara, akasimama dirishani na kutangaza, "Mimi nakaa hapa. Mtu akitaka chai, aje aifuate." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijui kama kuna mtu aliyenichekesha namna ile tangu hapo.

Ngome ya mwisho ilikuwa imezungukwa na maji, na mkahawani pake alikuwepo mama Mkenya aliyeuza chai na skonzi. Yeye na Dada walisikiana lafudhi wakashikana mikono, wakaulizana kwao ni wapi, basi. Halafu tukapanda mnara. Dada akachukua chumba chake cha juu, akaonyesha kilicho ubavuni mwake na kusema, "Na hiki ni cha mwanangu. Tukishaingia humu, mimi Riyadh sirudi tena."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

"Wewe si utakaa na mamako kule ukumbini," akasema, na kunibana pua kidogo.

Ulikuwa mchezo tu, nilijua ni mchezo. Lakini niliona wivu. Tulipokaa nyasini kula, nikamwambia Mama kwamba Dada amesema harudi Riyadh. Mama akatabasamu, akaendelea kumenya yai. Kule kutosikilizwa kulinichoma, basi nikaongeza langu. Nikasema Dada amemwomba yule mama wa chai amsaidie kutoroka.

Baba akaweka kikombe chini. Baba hakuwa mtu wa kupiga, ila kwa jambo moja tu, nalo ni uongo. Kwa uongo mshipi ulitoka, na sote tulilijua hilo, hata Dada. Akamwita. Akaniita na mimi, akatusimamisha mbele yake. "Mtoto anasema ulimwomba yule mama akusaidie kutoroka. Ni kweli, au mtoto ananidanganya?"

Dada alinitazama. Mikono yangu nilikuwa nimeiweka nyuma, na nadhani aliona nilivyoutazama mshipi wa Baba. Akageuka kwa Baba.

"Ni kweli, Baba. Nilisema. Yalinitoka tu, mnisamehe."

Nafikiri alidhani atakaripiwa na yatakwisha. Miaka minne Baba hakuwahi kumpandishia sauti. Hakuipandisha siku ile pia. Alichukua pasipoti yake kutoka mkobani akaitia mfuko wa ndani wa koti. Siku zilizobaki Dada hakutoka nyumbani kwa shangazi, nasi hatukwenda ngome nyingine.

Nisikufiche neno: siku ile nilifurahi. Nilifurahi kwamba sikupigwa.

Tuliporudi Riyadh, Baba alimkatia eksiti, kibali cha kuondoka nchini moja kwa moja. Nilisikia akimwambia Mama, "Halas, imekwisha, siwezi kukaa na mtu nisiyemwamini." Walimpeleka uwanja wa ndege nikiwa shuleni. Niliporudi godoro lilikuwa limeinuliwa ukutani, na ndani ya mlango wa kabati kulikuwa na alama nne za gundi. Mama alinisuka Ijumaa ile, akanivuta nywele, nikalia kwa sauti kubwa, naye akadhani ni nywele.

Baada ya siku ile na binti yangu pale ngomeni Riyadh ndipo nilipomtafuta Dada. Sikuwahi kumtafuta kabla, na sina udhuru. Jirani yetu hapa Al-Nuzha ana msichana wa kazi wa kutoka Taita, nikamweleza ninayemtafuta. Msichana akaniambia, "Madam, kule kwetu watu tunajuana. Nipe wiki." Hata wiki haikuisha, akaniletea namba ya mtoto wa Dada.

Nilipiga adhuhuri, mume wangu akiwa kazini. Sauti ya mwanamume ikaitikia, taratibu. Nikajitambulisha, nikasema mamako alinilea Riyadh. Akaniambia mama yake alifariki miaka sita iliyopita. Baada ya kurudi Taita alikaa mwaka mmoja, paa likamshinda, akaenda kufanya kazi nchi nyingine ya Waarabu, akarudi akiwa mgonjwa. Ile nyumba iliishia kwenye linta. Hivi sasa anafungia mbuzi humo.

Nikamwambia pole.

"Lakini alikuwa anakutaja sana," akasema. "Nikidanganya nikiwa mdogo, aliniambia kuna mtoto wa rika langu alimlea Uarabuni, mtoto ambaye hajui uongo. Nilikuwa nakuonea wivu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Yeye peke yake ndiye aliyebaki wa kuambiwa, na alikuwa ananisikiliza. Nilifungua mdomo, nikaona zile nyasi, yai lililomenywa nusu, na Dada akigeuka kumtazama Baba.

Nikamwambia, "Asante. Alinipenda sana." Halafu nikakata simu.