Nyaya Juu ya Ua Wangu

Mke mwenzangu alisoma hadi la saba, mimi niliishia la pili. Jina lake ninalo, kama ninavyokumbuka hata la ng'ombe aliyekuja na mahari yangu, ila ana wajukuu, naliacha.

Kusoma kwake nilikuwa nimekuvumilia. Lakini siku moja alitoka kuuza karanga Majengo akarudi na gazeti, moja la yale ya watu binafsi yaliyokuwa yakizuka kama uyoga miaka ile ya soko huria. Akamsomea mume wetu kwamba Ulaya wanabishana kama nyaya za umeme mkubwa zinaleta kansa. Nikajua ananilenga mimi. Nyaya zile zilipita juu ya ua wangu. Tembe lake, nyumba ya paa la udongo kama yangu, lilikuwa ng'ambo ya korongo. Umeme wenyewe hatukuwa nao, ulitupita tu kwenda mjini.

Mume akahamia kwake. Zamu yangu ikifika, kichwa kinamgonga.

"Nyaya zinalia," anasema.

"Zamani pia zililia, nawe ulikoroma."

Mwenzangu akipita na ndoo yake ananiambia, "Dada, mimi naihurumia afya yake tu."

"Na wanangu? Kansa yetu sisi haiumi?"

Maneno yakaenea. Wengine wakataka kijiji kihamishwe, mwenyekiti akasema ni uzushi wa magazeti. Mwisho akaletwa bwana wa umeme, kijana wa suruali ya kupigwa pasi, mkutano ukajaa. Alisema wapo wataalamu walioona dalili, wapo wasioona kitu, na nguvu ya nyaya hupungua ukikaa mbali.

Nikasimama. "Mwanangu, niambie mbele ya mume wangu. Arudi kwangu au asirudi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mama, mimi nimekuja kwa habari za nyaya."

"Na mimi nyaya ndizo ninazouliza."

Akajifuta jasho. "Siwezi kusema zinadhuru, wala siwezi kuapa kwamba hazidhuru. Anayeogopa asogee."

Mume wangu akamtazama yule mwenzangu, naye akatabasamu. Tabasamu lile lilinichoma kuliko gazeti.

Basi nikasogea. Kiangazi kile nilipika pombe ya mtama, nikaita majirani waje kujenga. Wakaniuliza wachimbie wapi nguzo. Nikawavusha korongo, nikawaonyesha: mlango wangu utazame mlango wa mwenzangu, katikati pabaki pa kuanikia ulezi tu.

Akatoka mbio. "Dada! Pori lote hili, unajenga hapa?"

"Naogopa kansa, mdogo wangu."

Paa lilipokauka, zamu yangu ikafika. Mume wetu alikaa kwanza mlangoni kwa mwenzangu, akasubiri kichwa kimgonge, hakikumgonga. Akabeba kigoda chake akavuka ua. Nilimwandalia ugali na mlenda, na mlango sikuufunga, ili mwenzangu amwone anavyokula.